Vidonge vya Kaka Lusekelo Havigawanywi

Tunduma

Baba yangu,

Shikamoo. Mmeamkaje hapo Hasamba? Kifua cha mama kimetulia? Huku vumbi la malori ni lile lile, na mtihani wa kidato cha tatu umekaribia.

Jana shangazi alinifikishia ujumbe wako: kwa kuwa kichwa cha Kaka Lusekelo kimepoa, vidonge vilivyobaki nivitume vimsaidie bibi anayeumwa kichwa, na Kaka aje kuchuma kahawa. Najua kwetu dawa ikibaki huwekwa kwenye kopo la majani ya chai, imngoje mgonjwa mwingine. Nisamehe, baba. Vidonge haviji, na Kaka haji.

Unajua hata darasani sinyooshi mkono. Lakini wodini nilimuuliza daktari maswali mpaka akacheka, "Mwanafunzi, unataka kazi yangu?" Alinieleza kwamba kinachomuumiza Kaka ni fangasi wanaokaa kwenye udongo na kinyesi cha njiwa. Tunawavuta kwa pumzi, na mwili wenye kinga huwashinda. Kaka alikuwa ameacha dawa za virusi vya UKIMWI, kama alivyokueleza mwenyewe, ndipo wakamfikia kichwani, kwenye utando wa ubongo.

Nilimshika mikono walipomtoa maji ya mgongo. Wewe ulisema sindano ile inaua. Kumbe maji yalipopungua alifumbua macho, akaniita, "Neema." Zikafuata dripu, na sasa ni vidonge kila siku kwa miezi mingi, hata kama haumwi. Akikatiza, fangasi wanarudi. Dawa za virusi nazo ameanza tena, siku aliyopangiwa na daktari. Bibi mpelekeni kituo cha afya apimwe, maana kichwa chake hatujui kinaumwa nini.

Kaka aliposikia ujumbe alisema, "Mdogo wangu, mpe mzee, tusigombane."

"Mzee atagombana na mimi," nikamjibu.

Alicheka, mara ya kwanza tangu augue. Vidonge nimevifungia kwenye sanduku langu la shule, ufunguo nimeuvaa shingoni. Kila asubuhi nasimama mbele yake mpaka ameze.

Nisalimie mama, bibi aliyenilea, na mdogo wetu Tumaini anayechunga mbuzi.

Ukikasirika, baba, njoo mwenyewe. Utamkuta Kaka stendi, amesimama kwa miguu yake, akikupokea mzigo.

Binti yako asiyekupinga kitu kingine chochote,
Neema