Tumepanda Daraja kwa Kufungwa

Chumba cha mwisho uani,
Nyuma ya ghala la saruji.
Jumapili, 14 Septemba

Mpendwa binamu,

Pokea salamu kutoka kwangu, mimi mwenye mgongo wa kukodisha. U mzima? Kifua cha mama mkubwa kimetulia, au bado anakohoa alfajiri na kuamsha nyumba nzima? Mjomba naye, miguu inamwendeaje? Mimi ni mzima, ukiondoa jicho la kushoto lililovimba na mbavu zinazonikataza kucheka. Usishtuke. Na hapo usimsomee mama mkubwa.

Kazi ni ileile. Malori yanaingia kabla jua halijatoka, tunashusha mifuko mpaka vidole vinasahau kufunga vifungo vya shati. Jioni nikikohoa natoa vumbi. Nyapara ni yuleyule, mdomo ni uleule. Sina la kuongeza. Nimechoka, na ukiandika habari za uchovu unachoka mara mbili.

Sasa sikiliza habari yenyewe, maana kalamu inataka kunikimbia. Tumepanda daraja! Timu yetu ya raga ya wanawake imetoka daraja la pili la taifa, mwakani tunacheza daraja la kwanza. Na tumepanda kwa kufungwa. Soma tena, sijalewa.

Najua unacheka. Wewe ndiye uliyesema raga ni ugomvi uliopewa refa. Si uongo sana. Mpira wenyewe umechongoka kama yai, unaubeba mikononi, unawarushia walio nyuma yako tu, na mpinzani yeyote ana ruhusa ya kukuangusha. Mimi niko mstari wa mbele wa skramu, pale tunapofungamana mabega na kusukumana na wapinzani kama watu wanaotoa gari kwenye matope. Mpira wenyewe huwa siushiki. Nahodha wetu ni muuguzi wa wodi ya wazazi. Alinipata ghalani alipokuja kununua saruji. Akaniona na mifuko miwili begani, akanizunguka, akanishika shingo kama anayenunua ng'ombe, akaniambia Jumamosi nifike uwanjani.

Daraja la pili si mahali pa kuringia. Jezi tunafua wenyewe, uwanja wetu umeinama upande mmoja, na kuna mechi tuliwaazima wapinzani wachezaji ili watimie. Lakini kwangu ndiyo siku pekee ya wiki ninayoitwa jina. Ghalani naitwa "wewe". Uwanjani naitwa Tingatinga.

Na siku hiyo nusura iniponyoke. Goti la nahodha limekwisha. Misimu miwili tumekosa kupanda kwa kidogo tu, akaapa mbele yetu kwamba safari hii tukikosa, anatundika viatu. Bila yeye hakuna timu, binamu. Ndiye anayetuombea zamu kwa mabosi, ndiye anayetufunga vidonda, ndiye anayewabembeleza waume wa watu wawaachie wake zao waje mazoezini. Ningebaki mimi na mifuko yangu.

Basi jana ikawa mechi ya mwisho. Tulihitaji pointi moja tu kwenye msimamo wa ligi. Raga ina huruma yake: ukifungwa kwa tofauti ya alama saba au chini ya hapo, unapewa pointi moja ya kufutia machozi. Wenzangu wote walilijua hilo. Mimi lilinipita, kwa sababu siku nahodha alipolieleza nilikuwa nimetoka kushusha lori, nikasinzia nimekaa. Kichwani mwangu mlikuwa na neno moja tu: kushinda.

Mwisho ulipokaribia wapinzani walikuwa wanaongoza kumi na saba kwa kumi na mbili, wametubana karibu na mstari wetu. Wakifunga tena, tumekwisha. King'ora cha muda kikalia, lakini raga haiishi mpaka mpira utoke nje au refa ausimamishe. Na kabla hakijalia tulikuwa tumeshapewa skramu. Tukasukuma, mpira ukatokea nyuma, mwenzetu mmoja, msusi wa nywele, ambaye kazi yake uwanjani ni kuugawa, akauokota, akavamiwa, na kwa hofu akamtupia mtu wa kwanza aliyemwona. Mtu huyo nikawa mimi, niliyekuwa nimejichomoa kwenye skramu na kurudi nyuma yake.

Nikaanza kukimbia mbele. Nyuma namsikia nahodha, "Tingatinga, toa nje! Toa nje!" Nikadhani amechanganyikiwa. Tumefungwa, mpira ninao, niutoe nje wa nini? Na mbele yangu kulikuwa na nyasi tupu. Binamu, sijawahi kuona nyasi tupu mbele yangu.

Lakini yule mtu hajawahi kunipigia kelele bure. Nikakata kona. Kupiga teke siwezi, mguu wangu na mpira hawajajuana. Nikaukumbatia kama mfuko uliopasuka, nikaelekea mstari wa pembeni. Mmoja akanidaka kiunoni, mwingine akanipanda mgongoni. Sikusimama. Nikatoka nao wote wawili, tukaangukia ndoo za maji.

Filimbi ikalia. Nikalala palepale nikaangua kilio, nikijua nimeiuza mechi kwa mikono yangu. Nahodha akaja anachechemea, akajitupa juu ya mbavu zangu.

"Nimewafungisha," nikamwambia.

"Umetupandisha, mjinga wewe," akasema, naye machozi yanamtoka.

Msusi ndiye aliyenieleza ile hesabu, polepole, kama unavyomweleza mtoto. Nikamwomba arudie. Akarudia, nikamwomba tena, kwa utamu tu. Nahodha naye tulipomuuliza kuhusu viatu vyake, akasema havitundikwi, goti lilishavumilia mengi, livumilie na daraja la kwanza.

Sasa la kwako. Mama mdogo amenipa habari kwamba umechumbiwa. Hongera, na pole kwa huyo bwana. Nitakuja, nyapara anune asinune. Ila nakuomba jambo moja: harusi usiipange Jumamosi. Daraja la kwanza haliahirishi mechi kwa sababu ya mapenzi ya mtu. Weka Jumapili. Nitafika nikichechemea, na miguu ikigoma nitacheza kwa mabega.

Nisalimie mama mkubwa, mjomba, kaka fundi cherehani na mkewe, na mapacha wa dada. Mungu awafunike nyote, na nyumba yenu isiishiwe kicheko.

Wako akupendaye,
Binamu yako, Tingatinga (lizoee, ndilo jina)