Majoho ya Kipimo Kimoja

Nyumbani, nyuma ya duka la cherehani,
Jumapili, baada ya ibada.

Mpendwa Shangazi,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo? Mtoto hajambo? Na kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepoa? Mimi sijambo, Baba na Mama hawajambo. Kwa Babu ndipo kalamu inasita, na ndiyo maana nimekaa kuandika kabla hata ya kuvua viatu vya kanisani.

Najua utashangaa. Uliondoka hapa nikiwa bado nabebwa mgongoni, na mwandiko wangu hujawahi kuuona. Baba anajua ninachofanya. Ameniambia, "Andika wewe. Mimi nikianza, kwenye mstari wa pili nitakuwa nagombana." Rafiki yake dereva anaondoka na basi la jioni na ameahidi kukukabidhi barua hii mkononi.

Shangazi, moyo wa Babu umechoka. Daktari amepanga kumfanyia upasuaji Ijumaa hii, na amemkataza kukanyaga cherehani. Babu alikataa upasuaji kabisa. Alisema ana majoho ya kwaya hajayamaliza, na hawezi kujilaza mbele ya visu vya madaktari akiwa na deni kwa Mungu.

Pengine habari ya majoho huijui. Tangu ulipoondoka, Babu hulishonea kanisa bila kupokea chochote: majoho, vitambaa vya meza ya Bwana, hata mapazia ya ofisi ya mchungaji. Watu humsifu kwa ukarimu. Hapa nyumbani hakuna aliyemuuliza sababu, kwa kuwa hata wewe ulikuwa hutajwi mezani. Mama ndiye aliyenieleza, mwaka huu, kwamba Babu alikuwa mzee wa kanisa, akaona aibu kwa mimba yako, akakutolea mizigo nje.

Baba alipoona hasikilizwi, aliuvua mkanda wa cherehani, ule wa ngozi unaozungusha gurudumu, akautia mfukoni na kwenda nao gereji. Aliporudi jioni hapakukalika.

"Lete mkanda wangu."

"Baba, daktari amesema upumzike."

"Daktari anaujua huu moyo wa nyama. Ule mwingine anaujua?"

"Na ukifia juu ya cherehani niwaambie nini watu?"

"Waambie amekufa akilipa."

Baba alipiga meza mpaka chai ikamwagika. Tangu hapo wakawa wanakula bila kutazamana, na Mama akawa anapeleka maneno huku na huku kama karani wa mahakama. Babu akahamia dirishani na kuendelea kushona kwa mkono, akihema kama mtu anayepanda kilima. Vidole vilimtetemeka, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nikimtungia uzi kwenye sindano. Niliogopa. Nikiacha, nitamvunja moyo. Nikiendelea, namsaidia kujimaliza.

Shangazi, mimi niko kwenye darasa la kipaimara. Mwalimu wetu ametufundisha kwamba wokovu ni neema, yaani tunapewa, wala si mshahara. Lakini Mungu hamfungi mtu mikono. Anayetaka kukataa anaweza kukataa. Nilimuuliza ni nani basi awezaye kukataa kitu cha bure. Akanijibu kwamba hakuna kigumu kama kupokea zawadi kutoka kwa mtu uliyemkosea.

Nikaikumbuka sweta yako. Ile ya kahawia uliyomfumia Babu bado ilikuwa juu ya kabati, ndani ya nailoni yake. Siku ilipofika kutoka kwako, Babu aliitazama tu, akasema, "Sina haki ya kuivaa hiyo," na ikapandishwa huko.

Nilijaribu kumweleza. "Babu, mwalimu anasema hailipiki."

Akakata uzi kwa meno. "Mwalimu wako ana umri gani?"

"Ni kijana bado."

"Basi hajakosa vya kutosha."

Juzi mwalimu wa kwaya akaja na majoho mapya yaliyokwisha kushonwa begani, mchungaji akiwa nyuma yake. Aliyabwaga mezani. "Mzee Jicho, hebu nisaidie. Kwaya yangu imenenepa yote kwa pamoja, au jicho lako ndilo limekonda? Yanabana mabega kuanzia sauti ya kwanza mpaka besi. Yule mama wa mbele ananiambia akipanda noti ya juu atabaki na kola tu."

Sisi tulicheka. Babu hakucheka. Unajua anavyojivunia kutotumia futi ya kupimia: humtazama mtu mara moja, anakata. Akasema kwaya haijui kuvaa.

Mama aliinua joho moja, akalitazama mabegani, kisha akaingia ndani na kurudi na gauni lako la zamani, lile la maua madogo ambalo sikujua kama amelihifadhi. Akalilaza juu ya joho. Bega likaangukia bega, mkono ukaangukia mkono. Akachukua joho la pili, na la tatu. Yote sawa.

"Baba mkwe," akasema taratibu, "hiki ni kipimo cha wifi yangu."

Mwalimu wa kwaya alianza kukunja majoho ambayo hakuna aliyemwambia ayakunje. Babu alikuwa akiitazama kwaya kila Jumapili, na kumbe aliyekuwa akimwona ni wewe, pale mwisho wa mstari ulipokuwa ukisimama.

"Sikujua," akasema Babu. Kisha akamgeukia mchungaji. "Kwa hiyo muda wote huu nalipa, na hata kipimo nimekosea."

"Mzee, Mungu hajakudai ushonaji. Majoho tunashukuru. Lakini msamaha wake ulikuwapo kabla hujashika sindano. Uliombwa upokee tu."

"Na binti yangu? Huko nako nipokee tu?"

"Huko unadaiwa kukiri. Kukusamehe ni hiari yake, na mimi siwezi kumsemea."

Babu aliweka mkono kifuani, na Baba akasogea karibu akidhani ni maumivu. Ndipo aliposema, "Niteremshieni ile sweta."

Nilipanda kwenye kiti, nikaishusha. Shangazi, aliunyosha mkono wake polepole sana. Tangu hapo najiuliza ni nani aliyeunyosha, yeye au Mungu. Leo baada ya ibada nimemuuliza mwalimu. Amesema watu wakubwa wa imani wamelibishania jambo hilo na bado wanabishana. Mimi nimshukuru Mungu kwa ule mkono, na Babu nimpongeze kwa kuunyosha. Nimefanya yote mawili.

Babu amekubali kwenda hospitali. Baba ameurudisha mkanda, akauweka juu ya cherehani, na Babu hajaugusa. Wanatazamana sasa, ingawa hawajazoea. Daktari anasema tumaini lipo, lakini hakuahidi, na nimemsikia Mama akilia jikoni huku amefungulia bomba.

Haya yafuatayo ni maneno ya Babu. Ameniambia niyaandike yalivyo, nisiyapambe: "Niliweka mizigo yake nje. Mvua ikaanza. Nikafunga dirisha. Hakunikosea mimi kama nilivyomkosea." Nilimuuliza kama niongeze kwamba tunaomba uje. Akanikataza. "Usimvute mkono. Akija, aje kwa miguu yake."

Kwa hiyo sikuvuti. Nakuandikia siku tu: ni Ijumaa asubuhi, hospitali kubwa, wodi ya wanaume. Usipokuja nitakupenda vilevile, na nitakuandikia yatakayotokea, yawe yoyote. Lakini sitakuficha kwamba nitakuwa nimekaa mahali ninapoona lango.

Mpe binamu yangu salamu, mwambie ana dada huku anayemjua kwa kusikia tu. Mama anakukumbatia na kukuuliza kama bado unavaa kipimo kile. Baba amesema, "Mwambie mdogo wangu nimemkumbuka," akatoka nje haraka. Mwenyezi Mungu awalinde wewe na mtoto, awape usingizi mwema na safari njema, kama mtasafiri.

Nilikuwa karibu kusahau. Sweta ni kubwa mno. Mikono inamfunika Babu mpaka kwenye vidole, na Mama alipotaka kuipunguza Babu aliuzuia mkasi. "Iache kama nilivyopewa," akasema. "Mwandikieni imenienea." Shangazi, haijamwenea hata kidogo. Nadhani ni mara ya kwanza fundi yule kusema uongo juu ya nguo. Jana kanituma dukani nimnunulie futi ya kupimia, ya kwanza maishani mwake. Hakusema ni ya kumpima nani. Ameikunja, ameitia kwenye mfuko wa sweta yako, na hataki tuishike.

Mimi nikupendaye hata kabla ya kukufahamu,
Binti wa kaka yako