Kidole Kilichokubaliwa na Wino

Birju, mjukuu wangu mtoro,

Sikukuu ya Chhath imepita mara mbili bila wewe. Huko mjini Surat umesahau njia ya nyumbani? Wanaume wote mko viwandani, basi foleni ya kura ilikuwa ya wanawake watupu. Mwenyekiti wa kijiji akaniuliza, "Bibi, umempigia nani?"

"Nimelipigia tumbo langu. Nawe kalipigie lako!"

Walioahidi kutuongezea pensheni sisi wajane wameshinda, na redioni wanatushukuru akina mama. Ila pensheni hutolewa kwa alama ya kidole, na mashine ya benki haikisomi changu, kimelika kwa jembe. Huu ni mwezi wa tatu sijalipwa, naomba chumvi kwa jirani. Siku ya kura wino ulikikubali bila swali.

Ukija, usiniletee sari. Nipeleke benki, ukawaambie bado niko hai.

Bibi yako Dulari
(Aliyeandika ni mama yako.)