Tulpar wa Bati na Hereni za Aijarkin

Jumatatu, 5 Juni

Nimeuza farasi wangu wa kupanda. Nimenunua mashine. Basi!

Pikipiki ya magurudumu manne, nyekundu, imetoka China ndani ya sanduku la mbao kama maiti ya tajiri. Muuzaji pale Bishkek kaniapia ni ile ile ya Kijapani, tofauti ni jina tu. Nikamwambia hata mimi na waziri tofauti yetu ni jina tu. Akacheka. Bei hakupunguza. Kwenye tangi wamebandika 250. Chini kwenye injini pamechongwa 150. Nikamwuliza hiyo mia nyingine iko wapi. Kasema utaiona ukishaizoea.

Mimi si mshamba. Nimekaa Novosibirsk miaka miwili, nimeendesha foklifti — siku tisa, lakini nimeendesha.

Sababu naiandika hapa, maana mke wangu Burulai hataki tena kuisikia. Binti yetu Aijarkin anapendana na Bakas, kijana wa bondeni. Mama yake Bakas, Kalimkan, lazima aje mwenyewe hemani kwetu amvishe binti hereni. Bila hereni hakuna uchumba. Sisi tuko huku malishoni juu mpaka Septemba. Njia ilibomoka Aprili, gari linaishia darajani. Na Kalimkan ana nyonga mbovu, farasi hapandi tena. Kasema mbele za watu: nikifika nimefika, nisipofika, yupo binti wa karani wa benki, na kwao kuna lami.

Kungoja Septemba? Mpaka Septemba binti wa karani atakuwa na mimba. Kumteremsha Aijarkin? Binti kufuata hereni ni sawa na nyasi kumfuata kondoo.

Nani akaruka? Mimi! Mkwe, nikasema, Jumapili tarehe mbili Julai nitakuchukua darajani mwenyewe, utapanda mlima umekaa kama malkia, chai mkononi haimwagiki.

Chai! Nani aliniuliza habari za chai?

Alhamisi, 8 Juni

Imefika. Nimeiunganisha kwa mikono yangu, kwa muda wa saa tatu tu. Zimebaki nati na bolti kumi na moja. Burulai kaziokota, kazitia kwenye bakuli, kaniuliza hizi ni za nini. Za akiba, nikasema. Wachina wakarimu.

Kitabu chake kimeandikwa Kichina, na nyuma Kirusi cha mtu anayewachukia Warusi. Nilichoambulia: kaza kila nati kabla ya kuwasha. Kilomita mia tatu za mwanzo nenda polepole. Kisha mwaga oili, tia mpya. Ha! Nimenunua mashine mpya nianze kuirekebisha? Na hiyo polepole — mwanafarasi ukimzoesha kutembea atatembea mpaka kaburini.

Nimechinja kondoo, nimepaka damu matairi yote manne, kama inavyopasa. Tairi moja likashuka upepo palepale. Jina nimeipa Tulpar, yule farasi wa mababu mwenye mbawa. Burulai anaiita Beseni.

Jumamosi, 10 Juni

Siku ya fahari! Watu wa mahema sita wamekuja kuitazama. Nimewapandisha wote, sikumtoza mtu hata senti. Bibi Anarkul, miaka themanini na mbili, nilimzungusha mara moja akakataa kushuka. Nikamzungusha mara nne. Kasema kama ingekuwepo ujanani mwake asingeolewa na marehemu.

Mlimani nilibana gesi mpaka mwisho. Ilinguruma! Kwa kweli ilikohoa zaidi kuliko kunguruma, lakini ilikohoa kwa nguvu.

Jirani yangu Kidirali ndiye aliyenunua farasi wangu. Alikuja amempanda. Makusudi! Akafuata njia niliyopita, macho chini, mara anashuka, anaokota, anapanda. Akanifikia na kiganja kimejaa.

— Jenbai, mashine yako inataga.

Nati tano. Bolti mbili. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Nami nilicheka, ningefanyaje? Nikamwambia angalau yangu inataga chuma, yako inatoa mavi. Akasema kipya kinyemi ingawa kidonda, akaondoka zake. Farasi hakunigeukia hata kidogo. Mnafiki yule.

Jumatano, 14 Juni

Leo siandiki mengi. Au niandike yote, yaishe.

Marehemu baba alikuwa mfunzi wa farasi wa mbio. Kila mtu bonde zima anajua. Farasi wa mbio unamkimbiza mpaka anafuka, kisha unamfunika blanketi zito la manyoya atoe jasho, mafuta ya uvivu yayeyuke. Hapati maji, hapati majani, mpaka alfajiri. Siku ya tatu huyo si farasi tena, ni risasi.

Tulpar amekuwa mzito siku hizi. Nikafikiri: injini mpya imejaa mafuta ya kiwandani, haijatoka jasho. Mtu mwingine asingefikiri hivyo. Mimi nilifikiri.

Nikampandisha mlima mara sita bila kupumzika, mpaka ekzosi ikawa nyekundu. Nikamrudisha, nikamfunika haraka kabla joto halijapotea. Nilivuta kitambaa kizito cha kwanza kilichokuwa karibu.

Kilikuwa zulia. Lile zulia la manyoya Burulai alilolishona majira matatu ya baridi, la Aijarkin kwenda nalo kwa mumewe.

Moshi niliudhani ni jasho. Hilo nalo liandikwe.

Tundu ukubwa wa bakuli, katikati ya nakshi ya pembe za kondoo. Burulai hakupiga kelele. Alilikunja zulia, akaingia ndani. Burulai akinyamaza hata mbwa anahama. Aijarkin akaniletea maji ya kunawa masizi usoni. Afadhali angenipiga.

Alhamisi, 15 Juni

Haiwaki.

Ijumaa, 16 Juni

Haiwaki. Nimeipiga teke. Kidole gumba kimevimba. Mashine haina hata alama.

Jumatatu, 19 Juni

Nimeishusha bondeni imeburutwa na ng'ombe dume. Njia nzima nimekutana na watu. Siku nyingine hukutani hata na kunguru! Leo kila mtu ana safari. Eti Jenbai, huyo ng'ombe ni spea?

Nimeipeleka kwa Ismar Mdungani. Wadungani ni Waislamu wa asili ya China; babu wa babu yake alitoka huko, yeye anauza pilipili na kutengeneza chochote chenye nati. Nikajiambia, hapa sasa, huyu kitabu atakisoma kama gazeti. Kakipokea kwa heshima, kavaa miwani, katazama kurasa kumi. Kakigeuza juu chini. Katazama tena.

— Kaka Jenbai, kusema nasema. Kusoma sisomi. Kwetu tunaandika kwa herufi za Kirusi kama nyie.

— Sasa dakika zote hizo ulikuwa unafanya nini?

— Picha ni nzuri.

Lakini namba za simu hazina lugha. Kapiga ile ya kwenye kitabu, wallahi ikapokelewa, mwanamke, huko huko China! Wakaongea. Mwanamke akaanza kucheka, hakomi. Nikadhani wananicheka mimi. Kumbe anamcheka Ismar, kasema anaongea kama bibi mzaa bibi yake aliyekufa. Ismar kanuna. Nimefurahi kidogo, Mungu anisamehe.

Kisha yule mwanamke akauliza. Nati zilikazwa? Oili ilibadilishwa? Iliendeshwa polepole? Kila swali Ismar ananitazama juu ya miwani. Mwisho kainama, kavuta kitu kwenye mapezi ya injini kwa koleo dogo.

— Anauliza kama ilifunikwa. Nimwambieje?

— Mwambie ilifunikwa na upepo tu.

— Kaka, upepo wa kwenu una manyoya?

Jumatano, 21 Juni

Ismar kaifungua. Oili ilitoka nyeusi, ndani yake vumbi la chuma linametameta. Kasema hayo ndiyo mashine ilikuwa inakula: meno yake mwenyewe. Ningeibadilisha siku ya kwanza, uchafu wa kiwandani ungetoka wote. Gharama ya jagi moja la kumisi, maziwa ya farasi yaliyochachuka.

Kabureta ya kwao kaitupa. Kachukua ya pikipiki nyingine kabisa, jina jingine, rangi nyingine — ikaingia kama mguu kwenye kiatu chake. Kasema hizi zote mama yao Mjapani mmoja, baba ndio tofauti. Kaweka na kijitundu cha petroli chembamba zaidi, maana kwetu juu hewa nyepesi, injini inanyweshwa petroli kama bwana harusi anavyonyweshwa vodka. Ndiyo maana ilikuwa inakohoa! Si jasho.

Kakaza nati moja moja, gundi kila moja. Kazigusa zote kwa kidole kama anasoma tasbihi. Nikamwuliza ziko ngapi. Kasema zile ulizopoteza au zilizobaki?

Nimeshika spana siku nzima. Nimejifunza mengi. Simwambii mtu.

Jumapili, 25 Juni

INAWAKA! Mguso mmoja! Jana imepanda njia yote kutoka bondeni kama mbuzi, bila kikohozi. Nimepita mbele ya hema la Kidirali mara tatu, ya tatu haikuwa na sababu yoyote.

Asubuhi nimekagua oili. Nimekaza nati mbili. Nimefuta kichujio cha hewa. Burulai alikuwa anakamua farasi majike, akaniona. Kasema neno la kwanza tangu lile zulia. "Kumbe Beseni ndilo mke mwenzangu." Nimeridhika. Neno ni neno.

Ijumaa, 30 Juni

Kalimkan katuma habari: anakuja Jumapili, saa nne darajani. Hereni ni za bibi yake, za fedha. Kasema pia karani wa benki kamwalika chai Jumanne. Hakusema kwa nini kasema.

Nimefunga kiti cha nyuma, mito miwili, na mkanda. Burulai kashona kiraka kwenye zulia, duara jekundu katikati. Kasema akiulizwa atajibu ni jua. Mke wangu huyu! Sikustahili hata kwato zake.

Aijarkin alinifuata nikiwa chini ya mashine.

— Baba.

— Naam, mwanangu. Usiogope. Atapanda kama malkia.

— Mimi sitaki malkia. Nataka afike.

Nikatoka chini. Ana macho ya baba yangu, yale ya kutazama farasi kabla ya mbio.

— Nakuomba kitu kimoja, kasema. Siku hiyo usiongee.

— Nisimsalimie?

— Msalimie. Kisha mlete. Mto unaujua mwenyewe.

Najua. Nani asiyejua? Huu wa mbele ya hema hauna daraja; theluji inayeyuka, ikifika mchana mto unavimba. Saa tano unavuka na viatu havilowi. Saa nane unavuka na sala. Nimeahidi. Salamu, mashine, mto, hema. Mdomo nimeufunga.

Jumapili, 2 Julai

Naandika nimekaa juu ya jiwe, suruali imelowa mpaka kiunoni. Mkwe anadhani napiga hesabu za kiufundi. Nimemwacha adhani hivyo.

Alifika darajani saa nne kamili, kama treni. Koti la mahameli, kilemba cheupe, fimbo. Nikamsalimia. Nikafunga mdomo, naapa! Yeye ndiye aliyeanza. Kasema: eti ulifanya kazi Urusi?

Jamani.

Tulikunywa chai kwenye kibanda cha mlinzi wa daraja. Nilianza na foklifti. Nikashtuka nimefika majira ya baridi ya pili. Alicheka mwenzangu, alicheka mpaka kilemba kikapinda, nami nikiona mtu anacheka siwezi kuacha, ni ugonjwa. Nilipotazama jua lilikuwa limeshapita kichwani.

Mashine imekwenda vizuri! Liandikwe! Kilomita kumi na moja, miinuko, mawe, mama wa watu nyuma hajatikisika. Kasema, mkwe, kitu chako hiki si kibaya. Nilikaribia kulia.

Mto ulikuwa kahawia, unaviringisha mawe. Ningesimama. Ningemwambia mkwe tumechelewa, kosa ni langu, tungoje kupoe. Lakini nimemwahidi binti atafika, na upande wa pili niliwaona wote wamesimama mbele ya hema, Burulai, Bibi Anarkul, hata Kidirali juu ya farasi wangu.

Katikati ya mto maji yakafika kwenye kiti. Tulpar akapiga chafya moja. Kimya.

Sasa hali ni hivi. Mashine imesimama katikati, magurudumu yamekwama kati ya mawe, haiendi na haianguki. Mkwe yuko juu yake, miguu ameipandisha kwenye usukani, fimbo mkononi. Nilitaka kumbeba mgongoni. Akanielekezea fimbo.

— Wewe nenda ukae pale. Mbali.

Kidirali akatia farasi majini. Farasi akanusa mto, akarudi nyuma. Akapigwa mjeledi, akarudi tena. Miaka sita nimempanda yule, hakuwahi kukataa maji.

Hapo ndipo Aijarkin akavua viatu. Hakumwuliza mtu. Akampanda yule ng'ombe dume mgongo mtupu, akashuka naye mtoni juu kidogo ya mashine, polepole, mpaka akamsimamisha ubavu kwa ubavu na mkwe, maji yakagonga ng'ombe badala ya mashine. Sasa hivi wapo pale. Wanaongea. Mto unapiga kelele, sisikii hata neno moja — mimi, mpenda maneno!

Mkwe anatikisa kichwa. Anaonyesha fimbo kwangu. Aijarkin anacheka? Anaongea tena. Ngoja.

Mkwe amemshika binti yangu sikio. Kwa nguvu, naona kichwa kimeinama. Sijui kama anamvuta kwa hasira au anajishikilia asianguke. Mkono wake mwingine umeingia ndani ya koti, unatafuta kitu, hereni labda, maji yanawarukia, na huyo ng'ombe, Mungu wangu, huyo ng'ombe asisogee, asiso—