Kovu Ambalo Mama Mkwe Hajaliona

Mke wangu Nyangeta,

Huku Mugango jua linachoma, ila upepo wa ziwa unatuliwaza, na kifua hakinibani kabisa.

Mama yako ndiye aliyekataa kuniamini. "Waliotibiwaga moyo nawajua, wana mshono kifuani. Wako uko wapi?" Nikamweleza kwamba mimi sikupasuliwa. Walipitisha mrija mwembamba kwenye mshipa hadi moyoni, wenye kipampu cha kuusaidia moyo kusukuma damu wakati wanazibua mishipa yake. "Walipitishia wapi?" Nyangeta, mimi mkwe nitaanzaje kumtajia mama mkwe kinena?

Nikachukua ndoo, nikateka maji ziwani, nikaupanda ule mlima wa mawe. Mwaka jana nilikuwaga napumzika kila jiwe. Safari hii sikukaa hata kwenye moja. Mama alisimama juu akinikodolea macho kifuani aone kama nitahema. Akaipokea ndoo, akasema, "Basi, mkwe. Kovu libaki huko huko liliko."

Uji wa mgonjwa umekwisha. Leo kanipikia sato na ugali wa muhogo. Ubaki salama, shahidi wangu wa pekee.

Mumeo, Masatu