Sheria Inaanza Jumatatu

Jumatano, 26 Juni

Ofisa wa kazi kaja tena na karatasi zake. Viwanda vikubwa vilianza mwaka juzi, vya kati mwaka jana, sasa zamu yetu sisi wenye watu chini ya kumi. Kuanzia Jumatatu mtu akiugua anakaa kwao, mshahara unaendelea. Nikamwuliza, na mimi mwenye duka la dobi nikiugua, nani atanilipa? Kacheka. Sikuwa natania!

Alhamisi, 27 Juni

Mpiga pasi wangu kaja anatetemeka, macho mekundu. Eti, Bibi, naomba nikapumzike. Nikamwambia sheria ni Jumatatu, leo Alhamisi — ukienda sasa, siku hizo huna chako. Jikaze! Mimi nilifua shuka za hoteli na mimba ya miezi minane, nilikufa?

Ana watoto wawili shuleni, angekwenda wapi? Kashika pasi.

Mfuaji, yule mwenye mdomo, akasema tuwaandikie wadudu wa homa barua, waambiwe waje Jumatatu. Wakacheka wote. Na mimi nikacheka.

Ijumaa, 28 Juni

Kaanguka. Kaanguka na pasi ya moto, imemlalia mkono wa kushoto. Mfuaji ndiye aliyekimbia na ndoo ya maji. Mimi — Mungu anisamehe — cha kwanza nilichouliza ni kama shuka imeungua. Mdomo wangu huu!

Zahanati wanasema homa ya mapafu. Apumzike wiki mbili.

Jumapili, 30 Juni

Simu nimeishika, nimeiweka. Mara tatu.

Binti yangu kaja kunisalimia. Nikamsimulia, nikidhani atanitetea. Kaniacha nimalize. Halafu: "Mama, karatasi inakulazimisha uanze Jumatatu. Ilikukataza kuanza Alhamisi?"

Nikamfokea, mimi ndiye niliyekuzaa! Alipoondoka nikaitoa ile karatasi, nikaisoma kwa kidole, neno kwa neno, mpaka kwenye mhuri.

Haikunikataza.

Jumatatu, 1 Julai

Dobi nimelifunga. Wateja wagonge watakavyo.

Naandika nimekaa kwenye benchi mlangoni kwa mpiga pasi. Nimekuja na bahasha, siku zake zote zimo, tangu Alhamisi ile. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Sijawahi kumwomba msamaha mtu mdogo kwangu, sijui hata huanzia wapi.

Mama mkwe wake kanifungulia. Jicho kavu, hata "karibu" hakuniambia. Kabla sijafungua kinywa akageukia pazia akaita: "We! Bibi wa dobi amekufuata!"

Ndani kikohozi, kirefu. Kisha sauti yake, ndogo: "Mwambieni asikasirike. Nakuja, navaa viatu."

Nataka kupiga kelele lala, mwanangu, lala! Mimi ninayesikika mtaa mzima — sauti haitoki, kalamu tu ndiyo inayokwenda. Mama mkwe kasimama ananitazama. Na huko ndani nasikia kiatu cha pili kinatafutwa chini ya kitanda