Maua Yuko Igalula

Alhamisi, 4 Juni 1970

Maua amerudi kutoka shuleni anaruka. Anakwenda kambini! Darasa la tano wote, wiki nzima, kwenye kijiji kipya cha ujamaa karibu na stesheni ya Igalula. Watafyatua matofali ya shule ya wanakijiji, watapukuchua mahindi, jioni nyimbo. Na kulala huko huko. Jumatatu wanaondoka kwa gari moshi.

Yeye anaruka, mimi roho imeruka zaidi. Juni hii! Baridi ya Juni na Maua hawapatani tangu alipokuwa wa kubebwa mgongoni. Ikimpiga tu, mifupa inamkaba, macho yanageuka manjano, analia siku mbili tatu na huwezi hata kumgusa. Daktari alituambia asipigwe na baridi, asichoke sana, anywe maji kila mara. Kufyatua matofali hakukutaja.

Nimemwambia baba yake, Abasi, tukamwombee ruhusa abaki. Hakuinua hata uso, alikuwa anaziba tairi. Akasema mwenyekiti wa tawi ni mteja wake, kila siku yuko pale kibandani na baiskeli yake, leo mtoto wa fundi ndiye abaki nyumbani? Tuitwe makupe, mtaa mzima wa Cheyo? Na mtoto mwenyewe si anataka?

Anataka, ndiyo. Hapo ndipo waliponishinda.

Ijumaa, 5 Juni

Nimekwenda kwa Mwalimu Veneranda, ndiye atakayekuwa na wasichana. Binti mdogo, kwao Ndala, ana adabu zake. Shikamoo mama, karibu kiti. Nimemweleza yote, mifupa, macho, maji. Amesikiliza vizuri. Akasema nisiwe na wasiwasi, Maua atalala ubavuni mwake.

Nikamwambia basi nitampa blanketi mbili. Hapo akasita. Kila mtoto blanketi moja, sahani moja, jembe moja, ndivyo walivyokubaliana kwenye mkutano. Huyu akilala na mbili na mwenzake na moja, watakuwa wanajifunza ujamaa gani? Alisema kwa upole kabisa. Nimerudi na blanketi kwapani, napita sokoni kama mtu aliyekataliwa kuuza.

Maua amejua nimekwenda. Amenuna mpaka Magharibi. "Mama, umewaambia mimi mgonjwa? Umeniaibisha." Miaka kumi na moja, na anajua kununa kuliko bibi yake.

Jumatatu, 8 Juni

Wamekwenda. Stesheni ilijaa majembe na vitoto. Waliimba tangu geti mpaka behewani. Nilimshika Maua nimfunge kanga kifuani vizuri, akajitoa kwa sababu wenzake walikuwa wanatazama. Gari likaondoka, hakuchungulia. Nimewapungia watoto wa wenzangu.

Nyumbani nimefua shuka lake. Lilikuwa safi.

Jumanne, 9 Juni

Amekuja Pazi. Huyu Pazi ni gadi wa gari la mizigo, anakaa behewa la mwisho na bendera zake, anakwenda Itigi na kurudi, na kila safari anapita Igalula. Mzaramo. Abasi Mnyamwezi. Basi hapo imekwisha! Watani tangu enzi za misafara, wazee wao walipokutana njiani na mizigo ya pembe, na hawa wawili wanaendelea kana kwamba msafara umepumzika jana tu. Mimi Mmanyema wa Ujiji, nimeingia katika utani huu kwa ndoa, na miaka kumi na tatu sijauzoea.

Ameanza tangu mlangoni. "Hodi kwa wapagazi! Nimekiona kipagazi chenu Igalula, kimebeba debe la maji kichwani, shingo imenyooka! Damu haipotei!" Abasi akamwita mla mihogo, mtumwa wake aliyekimbia. Wakacheka mpaka Abasi akafuta machozi kwa kitambaa chenye grisi.

Watoto wanachota maji kwenye tangi la stesheni, ndiyo maana anawaona. Nikamuuliza, shemeji, alikuwa amejifunga kanga? Hali yake? Akaniambia alikuwa amejifunga mkia wa nyani, mavazi ya Kinyamwezi. Wakacheka tena.

Hata hivyo nimefurahi. Amebeba debe, maana yake anasimama, anatembea. Nimempa chai na maandazi mawili. Hakustahili.

Jumatano, 10 Juni

Asubuhi baridi kali. Nimetoka uani kuwasha moto, vidole vimekufa ganzi. Huku mjini ndiyo hivi, je, porini kule, kwenye jengo ambalo halijapigwa milango?

Nimemwuliza Abasi. Anasema watoto wakilala wengi wanapashana joto. Ana jibu la kila kitu mtu huyu.

Alhamisi, 11 Juni

Sijui niandike vipi. Nianze mwanzo.

Alasiri Pazi amekuja, moja kwa moja kibandani kwa Abasi mbele ya nyumba. Mimi nilikuwa barazani nachambua mchele. Hakupiga hodi ya wapagazi. Akasema: "Abasi, mtoto wako anaumwa. Amelala tangu jana, hali chakula, anashika miguu analia. Nilitaka nimlete kwenye behewa langu, mwalimu wake kakataa, anasema hawezi kumkabidhi binti wa watu kwa mwanamume asiyemjua. Niandikie barua, baba yake, nimpe. Nina safari tena sasa hivi."

Na Abasi akacheka!

Namjua Abasi, si mtu mbaya. Lakini mwaka juzi Pazi huyu huyu alikuja na uso huu huu akasema kaka yake Abasi aliyeko Urambo ametumbukia kisimani. Tulifunga safari, njia nzima nalia, Abasi hakutia kitu kinywani. Tumefika, kaka mtu yuko barazani anakula ugali kwa mlenda, anatuuliza kuna nini. Mji mzima ulicheka mwezi mzima. Siku ile Pazi aliapa kwa kaburi la baba yake. Leo ameapa hivyo hivyo, na Abasi akamwambia baba yako anageuka sana huko kaburini, mwache alale.

"Abasi, ndugu yangu, leo sikutanii."

"Ndivyo ulivyosema juzi ile, mla mihogo."

Na Pazi naye — hapa ndipo nilipomchukia — mdomo ukamponyoka. Akamwita mpagazi mwenye kichwa kigumu kuliko mzigo. Abasi akanigeukia: umeona? Umeona sasa? Pazi akatazama jua, akaondoka karibu anakimbia.

Mimi nilikuwa nimesimama na ungo. Nilimtazama machoni wakati anasema. Sikuona kicheko. Lakini Urambo pia sikukiona!

Nikamwambia Abasi aandike tu hiyo barua, ikiwa utani tutachekwa, kuchekwa kunaua? Akasema kesho Ijumaa atakuwa hadithi ya msikitini, Fundi Abasi kamrudisha mtoto kutoka kambini kwa maneno ya Mzaramo. Nikasema naandika mimi. Akasema andika, mwalimu anataka ya baba. Nimeandika hivyo hivyo, nikaweka jina lake. Nimekimbia na kanga moja mpaka stesheni. Gari la mizigo nimeliona matako. Bendera ya kijani ikipepea pale nyuma, na mimi na karatasi mkononi.

Anaumwa au haumwi? Mungu wangu, hata kulia sijui nilie au nisubiri kwanza.

Ijumaa, 12 Juni

Asubuhi nimekwenda kwa Mwalimu Mkuu. Mtu mwema, akanikaribisha uji. Hana habari yoyote. Anasema kungekuwa na jambo Mwalimu Veneranda angetuma mtu, hivyo kukosa habari ni habari njema. Nikamwuliza mwalimu atume nani, na mpita njia pekee ni Pazi? Hakunielewa. Na kueleza ningeanzia wapi — misafara?

Gari la abiria la kwenda huko limepita jana. Basi hakuna. Nikasema natembea. Abasi akanishika mkono, akasema nitakufa njiani na mtoto atarudi Jumatatu mzima anicheke. Sauti yake lakini ilikuwa imepungua. Usiku kucha nilimsikia akigeuka.

Baada ya sala ya Ijumaa limeingia lori la ushirika limetoka Igalula na magunia. Dereva Elieza, Mmoraviani, mtu wa maneno machache, baiskeli ya mkewe inatengenezwa kwetu. Nikamwuliza kambi ya watoto inaendeleaje. Akasema vizuri, matofali mengi. Akafikiri. Kuna kabinti kamelala kwenye baraza ya jengo, kamefunikwa blanketi tatu nne za wenzake. Jina halijui. Alimsikia akiomba maji tu, na akilia miguu.

Elieza hana utani na mtu.

Abasi alikuwa ameshika spana. Akaiweka chini polepole, kana kwamba ingevunjika. Hakuniangalia. Akachukua baiskeli ya mteja iliyokuwa imesimama karibu, ya mwenyekiti yenyewe, akapanda na kanzu yake ya msikitini, akaenda. Sikumpa maji wala chakula. Sikumpa hata blanketi. Nilikumbuka alipokwisha pinda kona.

Nina hasira naye mpaka meno yananiuma, na namwombea matairi yasitoboke. Vyote viwili kwa pamoja.

Jumamosi, 13 Juni

Naandikia stesheni. Nimekaa kwenye benchi tangu asubuhi, kwa sababu nyumbani siwezi kukaa na mahali pengine pa kwenda sina. Nimeleta daftari ili mikono ipate kazi.

Saa nne limeingia gari la mizigo. Pazi ameshuka behewa la mwisho. Ameniona, akasimama kidogo, halafu akaja. Hakusema mke wa mpagazi. Amesema: "Mama Maua."

Nikamwuliza Abasi amefika? Amefika, jana usiku, kanzu imechanika. Mtoto je? Wanamleta na gari la abiria linalotoka Dar, wanakuja wote, baba yake na mwalimu. Anaongea? Pazi akasema nikae, shemeji, nisisimame juani. Nimemwuliza tena, anaongea? Akasema jana alikuwa anaongea.

Kisha akaenda ofisini, akarudi na machela. Ameiweka hapa ukingoni mwa reli, akakaa chini kando yake, kofia magotini. Zamu yake imekwisha. Hajaenda nyumbani kwake wala hajanywa chai.

Nilimchukia mtu huyu siku mbili hizi. Nilisema kama si mdomo wake tungeamini. Sasa nimemtazama pale chini, naona na yeye anasema hivyo hivyo moyoni. Sina nguvu ya kumchukia tena.

Nimejaribu kitu. Nimemwita mla mihogo. Hakugeuka. Nimemwambia Wazaramo hawana kazi ila ngoma, mtumwa wa mume wangu wewe, nani kakuruhusu kukaa karibu na mke wa bwana wako? Sauti yangu ilikuwa ya ajabu, mpaka mama mmoja mwenye kuku akanitazama. Miaka kumi na tatu sijawahi kumtania Pazi, leo ndiyo mara yangu ya kwanza, na sijui kama nilisema sawasawa.

Akasema tu, "Ni kweli, shemeji."

Tulipomzika mama mkwe, Pazi alirukia kaburini, akalala, akasema hatoki mpaka wapagazi walete jogoo. Watu walicheka huku wanalia. Abasi mwenyewe alicheka, na mama yake yuko pale kwenye jeneza. Mtu huyu alitania hata makaburini.

Nimemwambia, nitanie basi, Pazi. Neno moja tu. Sema amekuja na mkia wa nyani. Sema mmemwoza huko kwa nazi mbili. Sema lolote.

Anaangalia reli.

Kengele imegongwa. Watu wanasimama na mizigo yao, moshi tayari unaonekana upande wa Igalula. Pazi amevaa kofia, ameinama, ameshika upande mmoja wa machela. Ananingoja nishike wa pili. Mimi bado naandika